Maswali Yenu: Vunjajungu wa Okidi na Joto la Mombasa

Barua za mwezi huu zimejaa mdudu mmoja tu. Tangu zile vidio za vunjajungu mweupe kama ua zianze kuzunguka kwenye simu za watu, basi kila mtu anamtaka, na wengine washaanza kufuga wa hapa hapa kwetu bila kujua wanafuga nini. Kwa ambaye hajamuona, huyu ni vunjajungu wa okidi, kitaalamu Hymenopus coronatus, kwao ni misitu ya Malaysia, Indonesia, Thailand na huko jirani, mwili mweupe au wa waridi, mapaja yamepanuka kama petali. Jike anafika sentimita 6 hadi 7, dume mdogo sana, hata nusu yake pengine hafiki. Nimechagua barua ambazo majibu yake yatawafaa wengi, na nimejibu kwa urefu pale ambapo roho ya mdudu iko hatarini.

Ami, asalaam aleikum. Mimi kijana wa Tudor. Kuna watu wanauza hawa vunjajungu wa okidi onlaini kutoka ng'ambo, wanakutumia kwa paseli, na bei nimeona si mbaya. Nataka wawili. Swali langu, joto la Mombasa watalistahimili ama nianze kutafuta eisi?

Waaleikum salaam mdogo wangu. Joto si shida yako kabisa, shida yako ni hiyo paseli. Mdudu hai haingii nchini kama viatu, anataka kibali, na kibali kinatafutwa kabla hajapanda ndege. Kaongee na KEPHIS, wale wakaguzi wa afya ya mimea, na KWS, shirika la wanyamapori, kwanza, waulize kwa maandishi, wakikwambia hapana basi ni hapana. Na wana sababu. Vunjajungu hachagui, anakula nyuki na vipepeo vilevile anavyokula nzi, sasa mgeni kama huyo akitoroka akazaana msituni Shimba Hills nani atamrudisha kwao?

Usijiambie ni mdudu tu nani atajali. Mwaka 2025 vijana wawili wa Ubelgiji walikamatwa Naivasha na sisimizi hai kama 5,000, wamewapanga kwenye vijichupa, na mahakama ikawatoza faini ya shilingi milioni 1 kila mmoja ama miezi 12 jela. Wao walikuwa wanatoa na wewe unaingiza, lakini wanaoshika mlango ni walewale. Halafu fikiria huyo mdudu mwenyewe, sanduku likikaa ghalani siku mbili tatu wakati wa kaskazi bila hewa, utakachofungua ni maiti.

Sasa la joto. Anapenda nyuzi 25 hadi 32 na unyevu hewani wa asilimia 60 hadi 80, yaani ni Mombasa hasa! Wafugaji wa Ulaya wanachoma stima usiku na mchana kwa taa na mikeka ya joto ili wapate hali ya hewa ambayo wewe umezaliwa ndani yake. Eisi usiiguse, inakausha hewa, na hewa kavu kwa mdudu huyu ni mbaya kuliko joto. Lakini ushauri wangu wa dhati ni uanze na vunjajungu wa kwetu, ujifunze naye, soma barua inayofuata uone tulivyo matajiri.

Salamu mhariri. Nina kitalu cha maua Bamburi. Juzi nikipogoa bogenvilia nimekuta mdudu mweupe ana michirizi ya waridi na kijani, ana vimiba vimiba, tumbo kalikunja juu kama nge. Mwanangu anasema ni vunjajungu wa okidi na ati nikimuuza napata hela nzuri. Kweli?

Dadangu, mwanao amekaribia lakini si huyo. Kwa ulivyomweleza, vile vimiba na tumbo lililokunjwa juu ya mgongo, huyo ni vunjajungu wa maua wa kwetu, Pseudocreobotra wahlbergii, anapatikana Afrika mashariki mpaka kusini, na uliyemuona ni mtoto bado. Ukitaka uhakika msubiri aote mbawa. Juu ya kila bawa atakuwa na doa kubwa limezunguka kama tarakimu ya 9, rangi ya krimu na nyeusi juu ya kijani, na ukimshtua anazifungua zote mbili ghafla unaona macho mawili makubwa yanakukodolea. Ndege akiona hivyo anasita, na mdudu ashapata nafasi ya kukimbia. Ni mdogo kuliko wa okidi, kama sentimita 4 hivi, lakini kwa uzuri mimi simpunguzii hata kidogo, na ninasikitika kwamba watu wetu wanamjua yule wa Malaysia kwa jina na huyu aliye kwenye ua lao wanampita.

Kuuza hapana. Kumuweka siku chache ukamtazama kisha ukamrudisha ulipomtoa ni jambo moja, kuanza kukusanya na kuuza ni biashara ya wanyamapori na hiyo inataka ruhusa ya KWS. Na kwenye kitalu chako huyo ni mfanyakazi wa bure, nzi na nondo wa hapo ndio chakula chake. Nakuomba jambo moja tu, usipige dawa hilo bogenvilia.

Shikamoo Ami. Mimi ni mtu wa Mji wa Kale lakini niko masomoni Kuala Lumpur. Huku nilinunua mtoto wa vunjajungu wa okidi kwa mtu anayewazalisha, nkamuweka kwa kimkebe cha plastiki cha saizi ya kikombe cha kahawa. Alikuwa akila vizuri, halafu akakataa chakula siku tatu, akaning'inia kwenye kifuniko hasogei. Nkadhani anaumwa, nkamtikisa kidogo, nkamuwekea nyenje ndani labda atatamani. Asubuhi nkamkuta chini, miguu imepinda, nusu ya ngozi imemganda. Siku ya pili akafa. Nataka kununua mwengine lakini naogopa. Ilikuwaje?

Marahaba binti yangu, na pole sana, najua inavyouma kumkuta hivyo asubuhi. Nimeiweka barua yako katikati ya ukurasa makusudi kwa sababu hapa ndipo wanapofia wengi. Vunjajungu wa nyumbani mara nyingi hafi kwa njaa, wala hafi kwa ugonjwa, anafia kwenye kujivua gamba. Mkebe, unyevu, chakula, mahali unapomweka, vyote hivyo ukivipanga unapanga kwa ajili ya ile nusu saa ambayo ananing'inia kichwa chini anatoka ndani ya ngozi yake ya zamani.

Mdudu hana mifupa ndani, mifupa yake ni hilo gamba la nje, na gamba halitanuki. Kwa hiyo akitaka kukua inabidi atengeneze gamba jipya laini chini ya lile la zamani, halafu alipasue la zamani mgongoni karibu na shingo, na ajichomoe taratibu kuelekea chini, kichwa kwanza, mikono, miguu mmoja mmoja, huku uzito wake mwenyewe ukimsaidia kushuka. Akishatoka karibu wote anabaki ananing'inia kwenye ganda lake, anapumzika, kisha anajipinda, anashika tena juu na kutulia mpaka gamba jipya likauke. Wakati huo wote mwili ni laini kabisa. Kikigusa sakafu kichwa, kinakauka kimepinda. Miguu ikigusa ukuta inakauka imepinda. Akianguka katikati ya kazi ndio mara nyingi imekwisha.

Sasa rudi kwenye mkebe wako. Kimkebe cha kikombe cha kahawa kwa mtoto wa hatua za mwanzo kinatosha, lakini alikuwa akila vizuri, alikua, na mkebe haukukua naye. Kipimo cha wafugaji ni kimo cha mkebe kiwe angalau mara tatu ya urefu wa mdudu na upana mara mbili, na mimi nasema ukiweza kuzidisha kimo zidisha. Pili, kifuniko cha plastiki ni laini, kucha zake hazina pa kushika. Gundisha kitambaa cha neti kwa ndani ya kifuniko, tena weka kijiti kimoja au viwili vilivyosimama kwa mshazari, lakini usijaze vijiti na maua ya plastiki mpaka akose uwazi wa kushuka, maana nimeona picha za watu wamepamba mkebe kama ukumbi wa arusi na mdudu hana hata sentimita 5 za kuning'inia.

Tatu, kule kukataa chakula hakukuwa ugonjwa, ilikuwa ni tangazo. Vunjajungu akikataa kula, akaning'inia juu bila kusogea, tumbo limejaa na rangi imekuwa kama ya maziwa ya kufifia, anakwambia niache nina kazi. Kwa yule anayeingia hatua ya mwisho, ya kuota mbawa, utaona pia vile vifuko vya mbawa mgongoni vimevimba. Ukiona hivyo toa chakula chote, nyunyiza maji kidogo ukutani mwa mkebe siku hiyo ili hewa isikauke, halafu usiuguse mkebe, usiufungue, usiuhamishe, usimpigie picha na taa ya simu. Na nyenje binti yangu ndiye mbaya kuliko kutikisa, kwa sababu nyenje ana meno, hula chochote laini anachokikuta, na mwenzake anayejivua hawezi hata kurusha mkono.

Akishatoka salama mpe siku nzima, mbili ni bora, kabla hujamlisha. Maji anaweza kunywa mapema. Ukikuta mguu mmoja umepinda au umekatika usikate tamaa wala usimuue, kama bado ni mtoto ataota mwengine kwenye kujivua kunakofuata, utakuwa mdogo mara ya kwanza kisha unarudi sawa. Aliyeota mbawa ndiye hana tena nafasi hiyo maana hajivui tena. Na yule unayemkuta amekwama nusu, gamba limekauka juu yake, ongeza unyevu hewani, lainisha kwa ncha ya pamba iliyolowa maji ya vuguvugu, uwe mpole mno, lakini nisikudanganye, wachache sana wanapona hapo. Dawa ni ya kabla.

Nunua mwengine. Safari hii andaa nyumba yake kwanza ndio umlete.

Yakhe, mimi fundi simu wa Kisauni. Ninaye wa hapa hapa, yule mdogo wa maua. Nampa nini? Nzi wa karibu na choo wamejaa tele, na nyama ya kusaga je?

Nyama hapana ndugu yangu, nzi wa choo pia hapana. Vunjajungu anakula kinachotembea na kwa hawa wa maua, wa kwetu na wa okidi wote, bora zaidi ni kinachoruka, maana wameumbwa kukaa juu ya ua na kunyakua mdudu anayekuja kutua. Nyenje au mende ukimpa anaweza kula lakini wengi hawafurahii na wengine hata hawawaoni wakiwa chini ya mkebe. Nzi wa choo na wa jalalani anakuja na uchafu wake na pengine na sumu aliyoilamba kwenye nyumba ya jirani, na vunjajungu akila mdudu mwenye sumu hafiki mbali. Akitapika maji meusi simamisha chakula siku kadhaa, ongeza hewa kwenye mkebe, punguza unyevu, mpe maji safi tu.

Fuga nzi mwenyewe, ni rahisi na gharama hakuna. Kwa watoto wadogo ni wale vinzi wa matunda. Nenda sokoni Kongowea jioni, chukua ndizi zilizoiva mpaka ganda limeshaanza madoa, bei yake utapewa hata bure, ziponde ndani ya chupa ya mdomo mpana, nyunyiza hamira kidogo juu, tia karatasi iliyokunjwa ili wapate pa kutembea, acha wazi siku moja barazani wataingia wenyewe, kisha funga mdomo kwa kitambaa na lastiki. Kwa joto letu baada ya siku 10 hivi au zaidi kidogo unaanza kupata kizazi kipya. Angalia tu kwamba chupa isipikwe, kwa sababu vinzi hawa madume yao wakikaa kwenye nyuzi 30 mfululizo huwa tasa, hawazalishi tena. Wakati wa kaskazi iweke sakafuni, pembe yenye baridi, ama karibu na mtungi wa maji. Watu wengi wanadhani ndizi zimeharibika, kumbe ni joto. Na anzisha chupa mpya kila wiki, usitegemee moja.

Kuwahamisha bila kujaza nyumba vinzi, tia chupa kwenye friji dakika moja mbili, wanalegea, unawamimina haraka. Akikua unapanda kwa nzi wa kawaida uliowakuza kutoka kwenye mabuu, kisha nzi wakubwa wa kijani, na nondo wanaokuja kwenye taa ya barazani usiku ni chakula kizuri mno ilimradi nyumba haikupigwa dawa. Mara ngapi? Mtazame tumbo. Likiwa bapa mlishe, likiwa limejaa muache. Mtoto karibu kila siku, mkubwa kila siku ya pili au ya tatu.

Mwalimu wa Likoni hapa. Nyumba yetu ina mjusi kafiri, ina sisimizi, ina mbu wa kutisha, na maji ya kisima ni ya chumvi. Nimemtengenezea vunjajungu wangu kizimba kwa kipande cha chandarua cha kliniki, amekuwa akitetemeka miguu. Kuna tatizo?

Mwalimu, ukisoma hapa umtoe sasa hivi. Vyandarua vingi vinavyogawiwa kwenye kliniki vimetiwa dawa ya kuua mbu ndani ya uzi wenyewe, na dawa hiyo haijui tofauti ya mbu na vunjajungu, akitembea juu yake kwa nyayo anaipata. Kutetemeka ni dalili yake. Mhamishe kwenye chombo kisichowahi kuguswa na dawa, mpe maji, mpe hewa, muombee. Kizimba kipya kifanye kwa kitambaa cha shela kinachouzwa kwa yadi, ukishuka feri ukapita Biashara Street utapata kwa bei nafuu, kioshe kwanza kwa maji matupu uanike.

Koili ya mbu na dawa ya kupuliza hivyo hivyo. Nyingi zina viambato vya jamii ya pareto, zinaua mdudu yeyote, na moshi wa koili usiku mzima ndani ya chumba kilichofungwa hawezi kuuvumilia. Mbu nao ni hatari, malaria haina mchezo, watoto walale ndani ya chandarua chenye dawa kama kawaida na vunjajungu apelekwe chumba kingine. Watoto kwanza.

Maji ya chumvi usimnyunyizie, yanaacha ukungu mweupe kwenye kizimba na kinywaji chake kinakuwa kibaya. Tumia maji ya mvua au yale mnayokunywa wenyewe, umande mwembamba mara moja kwa siku asubuhi, na mkebe uwe umekauka kabla ya usiku. Hapa ndipo Mombasa inatofautiana na vitabu vya Ulaya. Kule wanaambiwa nyunyiza mara mbili kwa siku maana nyumba zao kavu, hapa kwetu kusi likishusha mvua ya mwaka hewa yenyewe ni maji, ukinyunyiza juu ya hapo unapata kuvu, na kuvu inaua. Matundu ya hewa yawe pande mbili ili ipite, na feni isimpige moja kwa moja.

Sisimizi, simamisha miguu ya meza ndani ya vikopo vya maji yenye tone la sabuni. Mjusi kafiri atamla vunjajungu mdogo bila kufikiria mara mbili, kwa hiyo kizimba kifungwe vizuri.

Mimi ni wa Majengo. Nimesikia ukimuweka kwenye ua jekundu anakuwa mwekundu, kweli anabadilika kama kinyonga?

La, shoga yangu. Wa okidi anaweza kusogea kati ya nyeupe na waridi lakini inachukua siku nyingi, na inategemea zaidi mwanga na unyevu kuliko rangi ya ua ulilomuwekea. Jekundu au buluu hapati. Na tena kule kwao hahitaji okidi hasa. Mwaka 1879 mwandishi wa Australia James Hingston aliandika kwamba Java ameonyeshwa ua linalokamata nzi na kuwala, na watu wakakaa wakiamini mdudu anajificha ndani ya okidi. Mwaka 2014 ndio watafiti wakathibitisha porini kwamba vunjajungu akikaa peke yake juu ya majani wadudu wanamjia yeye mwenyewe, tena kwa wingi kuliko hata ua lililo jirani! Mwaka huohuo watafiti wa Japani wakaonyesha kwamba mtoto wake anatoa harufu inayovuta nyuki wa huko. Yeye ndiye ua. Kwa hiyo usihangaike kutafuta okidi ya kumpamba, kijiti kinamtosha.

Ami, niko Hamburg ila kwetu Mtwapa. Nina jike na dume wa okidi, nimewalea tangu wadogo. Dume ashaota mbawa, jike bado yuko nyuma sana. Nikiwaweka pamoja atamla? Na wakizaa inakuwaje?

Ndugu yangu, hilo ndilo linalowasumbua wafugaji wote wa okidi. Dume hujivua mara chache kuliko jike, anakomaa wiki nyingi mapema, na maisha yake ni mafupi, kwa hiyo ndugu waliotoka kifuko kimoja cha mayai siku moja mara nyingi dume anazeeka jike bado hajaota mbawa. Wanaofaulu humuweka dume mahali pa baridi kidogo na kumlisha kwa kiasi tangu mdogo, huku jike yuko kwenye joto na anashiba, ili wapunguze lile pengo. Ama unatafuta jike mkubwa kutoka kizazi kilichotangulia, na hiyo ni bora pia maana hao si ndugu.

Jike akishaota mbawa msubiri wiki mbili tatu, mlishe mpaka akatae. Kushiba huko ndio bima ya dume. Waweke kwenye kizimba kikubwa chenye neti, jike awe anakula kitu mkononi, dume umuachie kwa nyuma yake na kwa mbali. Ataruka mwenyewe mgongoni, ampigepige kwa vipapasio na mikono kama anayebisha hodi, na anaweza kukaa pale juu kwa muda mrefu bila lolote. Usiwaharakishe. Wa okidi hawali madume yao kwa pupa kama vunjajungu wengine wanavyosifika, lakini dume mdogo hivyo mbele ya jike mwenye njaa ni nzi tu, kwa hiyo akishashuka mtoe.

Jike atataga kifuko kirefu cha povu linalokauka, anakigandisha kwenye kijiti, na anaweza kutaga vingi katika maisha yake. Jike asiyepandwa pia hutaga, mayai hayo hayatoi kitu. Kifuko kiweke penye joto la nyuzi 28 hadi 30, kinyunyizwe kidogo, hewa ipite, na baada ya wiki 5 au 6 hivi watoto wanamiminika. Usishtuke ukidhani umepata mdudu mwengine! Watoto wa okidi wanatoka wekundu na weusi, wadogo, wanakimbia, ukiwaona unadhani ni sisimizi au kunguni wa porini, na hiyo ndiyo kinga yao kwa maadui. Weupe unakuja baada ya kujivua mara ya kwanza. Chupa za vinzi ziwe tayari wiki mbili kabla, vimkebe vya kuwatenga pia, kwa sababu siku chache za mwanzo wakishiba wanavumiliana, baada ya hapo wanaanza kutazamana kama chakula.

Mwanangu wa darasa la 5 hapa Changamwe amemshika vunjajungu wa kijani shambani, anataka kumuweka. Anauma? Na atakaa naye muda gani?

Dadangu muache amuweke. Hana sumu, akibanwa sana anaweza kumfinya kidole kwa ile mikono yenye miiba, na hilo likitokea asimvute, amuweke tu juu ya jani mwenyewe ataachia. Mfundishe asimshike kwa kumbana kiunoni, atandaze kiganja mbele yake na amguse nyuma polepole, atapanda mwenyewe. Chupa kubwa ya plastiki iliyotobolewa, kitambaa mdomoni, kijiti kilichosimama, nzi wawili watatu, umande wa asubuhi, na kila kitu nilichosema juu ya kujivua gamba. Akiwa mtoto bado atapata kumuona akijivua, mruhusu akeshe siku hiyo hata kama kuna shule, ilimradi akae mbali na asiguse chupa.

Muda wake kwa jumla haufiki hata mwaka kwa wengi wao. Akishaota mbawa, jioni moja isiyo na mvua mwambie amrudishe kwenye mti uleule aliomtoa, juu kidogo, kuku wasimfikie.